Sifuri ya Nani? Mjadala wa Vimo Ukingoni mwa Mto Epulu

Hoja iliyo mezani ni hii: kila mchoro wa nyumba itakayojengwa Epulu uhesabu vimo vyake kuanzia usawa wa bahari.

Ofisini, hoja hii haina mpinzani. Programu za usanifu, iwe Revit, iwe Archicad, zina mahali pa kuandika kimo cha kiwanja juu ya bahari, na msanifu akiacha hapo sifuri, mchoro wake unaonekana kama haujakamilika. Lakini Epulu iko mbali na ofisi. Ni kijiji katika eneo la Mambasa, mkoa wa Ituri, mahali ambapo barabara ya taifa namba 4 itokayo Kisangani inavuka mto unaobeba jina hilohilo. Kimo chake ni yapata mita 750. Kijiji kimezungukwa na Hifadhi ya Okapi, msitu wa kilomita za mraba 13,700 hivi, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ukaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,600. Anayejenga hapa hujenga kati ya maji yatokayo juu na maji yapitayo chini.

Jengo tunalolijadili ni la kubuni: zahanati ya vyumba sita kati ya barabara na mto. Wajadili nao ni wa kubuni. Msanifu ni kijana wa Bunia, na ndiye anayetetea hoja. Fundi ni mzee wa hapa, mjenzi wa miaka mingi, naye anapinga. Wa tatu ni mama mpima ardhi, ambaye hakuapa kumfuata yeyote.

MSANIFU: Papa, sababu yangu ya kwanza ni majirani. Zahanati hii haitakaa peke yake. Watakuja watu wa barabara kuinua tuta, watu wa maji kuchimba mtaro, pengine na watu wa daraja. Kila mmoja atakuja na michoro yake. Mimi nikiita sakafu yangu sifuri, nao wakaita barabara yao sifuri, tutajuaje kama maji ya mtaro wao yatapita pembeni au yataingia chumba cha kujifungulia? Bahari haina upande. Sakafu yangu ikiwa mita 752.30 na barabara ikiwa 752.90, hata mtoto wa shule anajua maji yataelekea wapi.

FUNDI: Umesema vizuri, mwanangu. Swali langu ni moja tu: bahari ipi?

MSANIFU: Bahari ni moja, Papa.

MPIMA: Kwa samaki ni moja. Kwa wapimaji hapana. Kongo inagusa Atlantiki kule Banana, karibu kilomita 2,000 kutoka hapa ukikata msitu moja kwa moja. Bahari ya Hindi, pale Mombasa, iko karibu zaidi, kama kilomita 1,400. Wakenya walianza kuhesabu vimo kutoka Kilindini. Waganda, majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Albert, walipokea vimo vyao kutoka Alexandria huko Misri, vikaletwa kwa kupima kituo hadi kituo kupitia Khartoum. Na maji hayatulii kwa usawa uleule kila pwani, maana upepo, joto, chumvi na mikondo huyainua huku na kuyashusha kule. Kwa hiyo anayesema "juu ya bahari" hajamaliza sentensi. Aseme bahari gani, ilipimwa wapi, na kimo kilifikaje hapa.

MSANIFU: Mama, hayo yalikuwa ya enzi za darubini na vijiti. Leo sichukui kimo kwa miguu. Nafungua programu, naandika mahali kiwanja kilipo, na uso wa ardhi unashuka kutoka data za setilaiti, kontua zote zikiwa mahali pake. Dakika tano.

FUNDI: Hizo kontua zako ulinionyesha. Kuna kilima nyuma ya kiwanja. Mimi nimezaliwa hapa, kilima hicho sikijui.

MSANIFU: Data ndizo zilizosema, Papa.

MPIMA: Na zilichosema ni kweli, ila si kuhusu ardhi. Data nyingi za bure zimetokana na safari ya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi Februari 2000. Kwa siku 11 kilirusha rada na kupima mwangwi wake. Rada ile haikufika chini ya msitu mnene, ilirudishwa na matawi. Hapa Ituri kuna misitu ya miti ya mbau ambayo vilele vyake hufika mita 30 hadi 40. Kilima anachokikataa Papa ni miti. Mahali msitu ulipokatwa kwa shamba, programu inaonyesha bonde, na mahali ulipobaki, inaonyesha mlima. Isitoshe, kila kipande cha data hizo ni mraba wa takriban mita 30 kwa 30, kikiwa na namba moja tu. Zahanati yako yote inaweza kuingia ndani ya mraba mmoja ambao nusu yake ni uwanja na nusu ni msitu.

MSANIFU: Nimesikia kuna data mpya zilizoondolewa miti.

MPIMA: Zipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walitengeneza zinazoitwa FABDEM, wakaipunguza miti na majengo kwa hesabu. Kwa kujua maji ya mto mzima huenda upande gani zinasaidia sana. Kwa kuweka kizingiti cha mlango hazisaidii, kwa sababu walichotoa ni makadirio ya urefu wa miti.

FUNDI: Basi niseme langu kwa lugha ya kazi. Bomba la choo la mita kumi linataka kushuka sentimita kumi mpaka ishirini. Likishuka pungufu, uchafu unalala humo. Likishuka kupita kiasi, maji yanakimbia na uchafu unabaki. Nikichukua namba ya setilaiti iliyokosea mita tatu, nitajenga nini? Mimi nina mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Naujaza, natoa mapovu yote, msaidizi anashika ncha ile, mimi nashika hii, maji yakitulia tunapiga alama kwenye vigingi. Unakosea milimita chache tu, na haukuulizi bahari iko wapi.

MSANIFU: Sipingi mpira wa maji, Papa. Napinga kuishia kwenye mpira wa maji. Unakuambia kigingi hiki na kile viko sawa, lakini haukuambii mko wapi duniani. Tutumie basi GPS.

MPIMA: Weka simu mbili za aina tofauti juu ya jiwe moja hapa, uone. Moja inaweza kukupa kimo juu ya usawa wa bahari, nyingine ikakupa kimo juu ya elipsoidi, lile umbo laini la hesabu ambalo setilaiti hulitumia badala ya dunia yenyewe. Maumbo hayo mawili hayalingani. Kusini mwa India usawa wa bahari uko chini ya elipsoidi kwa zaidi ya mita 100. Huku kwetu uko chini kwa mita kumi hivi. Kwa hiyo simu inayofuata elipsoidi itasoma pungufu kwa kiasi hicho, bila kukwambia kwamba inazungumza habari nyingine. Juu ya hapo, ongeza makosa ya kawaida ya simu chini ya miti.

MSANIFU: Lakini kipokezi kizuri cha mpima, kikiachwa juu ya alama kwa saa kadhaa, kisha hesabu ikafanywa?

MPIMA: Hapo unapata kimo cha kuheshimika. Bado utakitoa kwenye elipsoidi ukipeleke baharini kwa kutumia modeli ya mvutano wa dunia, kama EGM96 au EGM2008, na utaandika ni ipi, kwa kuwa hazitoi jibu moja. Ukitaka zaidi ya hapo, utafute kama Institut Géographique du Congo ina alama iliyo karibu na bado imesimama. Ni kazi ya kweli na ina gharama. Kama mradi una fedha hizo, fanya. Kama hauna, usiandike 752.30. Hizo sentimita thelathini za mwisho hukuzipima.

FUNDI: Hapo ndipo ninapoogopa. Namba yenye nukta inatiisha watu. Mjenzi mgeni akiona 752.30 kwenye karatasi, haulizi tena.

MSANIFU: Sawa, naiacha namba hiyo. Ila nanyi mnijibu la mto. Papa, sakafu yako ya sifuri imeinuliwa kwa kulinganisha na nini? Na udongo ulioukuta? Mto Epulu haujui udongo wako. Unapanda kwa kipimo chake wenyewe.

FUNDI: Mto tunao hapahapa, hauhitaji kutafutwa Alexandria. Nitawauliza wazee, wanaume kwa wanawake, kila mmoja peke yake: maji yalifika wapi mwaka yalipopanda kuliko yote? Huyu atanionyesha mti, yule atanionyesha jiwe, mwingine ngazi ya nyumba. Nitavuta mpira wa maji kati ya alama hizo. Zikikaribiana, nimepata mstari wa mafuriko. Zikiachana, nachukua ya juu. Kisha naweka sakafu juu ya hapo.

MSANIFU: Kumbukumbu za wazee si kipimo.

MPIMA: Kumbukumbu iliyopigwa alama na kupimwa imekuwa kipimo. Kinachokosekana ni kuilinda isihame. Angalieni Ziwa Viktoria. Pale Jinja, Uganda, kuna kipimo cha maji chenye sifuri iliyochaguliwa na watu, ambayo haiko baharini wala kwenye kina cha ziwa. Kwa sifuri hiyohiyo, maji yalisomwa mita 13.41 mwaka 1964. Mei 2020 yakasomwa 13.42. Wote wakajua mara moja kwamba rekodi ya miaka 56 imevunjwa, japo kwa sentimita moja. Hakuna aliyehitaji kujua Jinja iko mita ngapi juu ya bahari ili kuelewa habari hiyo. Kilichohitajika ni kwamba sifuri ya 2020 iwe ndiyo ile ya 1964.

MSANIFU: Lakini Kisumu na Mwanza wana vipimo vyao. Huwezi kuvilinganisha na cha Jinja bila kimo cha pamoja.

FUNDI: Ziwa likitulia, uso wake wenyewe ndio mpira wa maji, mwanangu.

MPIMA: Kwa ziwa, Papa ana haki, ukiondoa upepo. Kwa mto, haki ni ya msanifu. Epulu hauko bapa, unashuka ukipita mawe mpaka unamwaga kwenye mto Ituri. Mstari wa mafuriko mbele ya zahanati si uleule wa darajani. Alama za wazee zitumike pale zilipo tu, au zipimwe nyingi kufuata ukingo, na mteremko wa mto uandikwe.

FUNDI: Nakubali. Niliwahi kuona watu wakibeba alama ya chini ya mto kuipeleka juu.

MPIMA: Sasa nitoe pendekezo, mlishambulie wote wawili. Kabla kompyuta haijafunguliwa, tunaweka alama ya kudumu. Tukipata mwamba imara juu ya ukingo, tunachonga na kupachika chuma. Tukikosa, tunamwaga nguzo ya zege iliyoshuka chini vya kutosha, nje ya njia ya magari. Tunaiita A. Tunaipa kimo cha 100.00.

MSANIFU: Mia kutoka wapi?

MPIMA: Kutoka kwetu. Tumechagua mia ili hata shimo la choo lisipate namba hasi, na ili mtu yeyote anayejua Epulu iko mita 750 hivi asidanganyike kwamba hiki ni kimo cha bahari. Tukiwa na A, tunapima. Tuseme mstari wa mafuriko ya wazee mbele ya kiwanja umekuja 98.35. Ukingo wa barabara umekuja 99.60. Tunaamua sakafu iwe sentimita 90 juu ya mafuriko, yaani 99.25. Hapo lile swali lako la kwanza, mwanangu, limejibiwa. Barabara iko sentimita 35 juu ya sakafu, kwa hiyo lazima uwepo mtaro wa kukinga maji yake, au sakafu ipandishwe. Hatujaigusa bahari.

MSANIFU: Kwenye programu nifanyeje? Mkinipa ardhi ya 98 na 99 na mimi nimechora sakafu kwenye 0, ardhi itaelea angani juu ya nyumba.

MPIMA: Itaelea kama hukuviunganisha. Programu hizi zina sifuri zaidi ya moja, sivyo?

MSANIFU: Ndiyo. Revit ina chanzo cha ndani kisichohama, ina nukta ya msingi ya mradi, ina nukta ya mpima. Kila aina ya kiwango unaiambia namba yake ihesabiwe kutoka nukta ipi. Ukibadilisha chaguo hilo, maandishi yanabadilika na jengo halisogei hata kidogo. Archicad ina sifuri ya mradi, viwango viwili vya rejea, na kimo cha bahari pembeni.

MPIMA: Basi sifuri ya mradi ibaki sakafu iliyomalizika ya zahanati. Fundi anaitaka, na ana haki: dirisha liko 0.90 juu ya sakafu, na hakuna anayetaka kufanya kutoa kwa mia akiwa juu ya ngazi. Uhusiano na A uandikwe mara moja, mahali pamoja: sifuri ya mradi ni 99.25. Usiuandike kwenye kila ukuta. Mstari wa mafuriko nao uwe kiwango chenye jina lake ndani ya modeli, kama ghorofa, ili uonekane kwenye kila mchoro wa upande. Atakayetaka kushusha sakafu kuokoa saruji ataona anaisogeza karibu na nini.

MSANIFU: Na pande za ramani? Bunia walinipa faili ya vipimo vyenye namba ndefu.

MPIMA: Hapo pana mtego. Mstari wa longitudo ya 30 unapita magharibi kidogo ya Bunia. Bunia iko katika kanda ya 36 ya mfumo wa ramani wa UTM, Epulu iko kanda ya 35. Faili ya kanda moja ikisomwa kama ya nyingine, zahanati inahama mamia ya kilomita. Tena namba ndefu zisipelekwe kwenye chanzo cha ndani cha modeli. Jengo likichorwa mbali sana na chanzo hicho, programu inaanza kukosea mistari. Namba za dunia zikae kwenye nukta ya mpima. Jengo likae nyumbani.

FUNDI: Mimi naongeza moja. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha waliingia hapa Epulu. Watu waliuawa, okapi wote 14 wa kituo cha hifadhi wakafa, ofisi zikaporwa na kuchomwa. Siku kama hiyo kompyuta inakwenda. Chuma kilichopachikwa mwambani kinabaki. Karatasi yenye namba za A igawiwe: nakala moja kwa chifu, moja misheni, moja Bunia.

MSANIFU: Nami niongeze langu, maana sijashindwa lote. Ujerumani na Uswisi walijenga daraja juu ya mto Rhine pale Laufenburg. Wajerumani walihesabu kutoka bahari ya Kaskazini, Waswisi kutoka Mediterania. Walijua tofauti ni sentimita 27, wakairekebisha. Mwaka 2003 ikagundulika ilirekebishwa kwa upande usio wake, mahali pa kujumlisha pakatolewa, na pande mbili zikaachana kwa sentimita 54. Kosa halikuwa bahari, Mama, wala halikuwa ukosefu wa alama. Waswisi wana jiwe la Niton pale Geneva linaloshika vimo vya nchi nzima. Kosa lilikuwa alama ya hesabu. Basi hiyo sentensi yako ya uhusiano isiandikwe kwa maneno peke yake. Ichorwe: nguzo, sakafu, mshale, kipi kiko juu ya kipi.

MPIMA: Umenishinda hapo. Ichorwe.

MSANIFU: Na siku watakapokuja watu wa daraja na vimo vya kweli vya bahari?

MPIMA: Watapima A. Watakupa namba moja. Utaiingiza mahali pamoja, na zahanati, choo, mtaro na mstari wa mafuriko vitapanda vyote pamoja. Hakuna ukuta utakaosogea.

Mjadala uishie hapo. Hukumu ni ya mwandishi. Hoja kama ilivyoletwa imeanguka. Haikuangushwa na umbali wa bahari. Wenye vyombo na fedha wanaweza kuifikia. Imeangushwa na desturi ya kuazima namba ya bahari bila kuipima, kisha kuiandika kwa nukta mbili kana kwamba imepimwa. Katika msitu ambako rada hupima matawi na simu mbili hazikubaliani juu ya jiwe moja, namba hiyo hudhuru zaidi ya nafasi iliyoachwa wazi, kwa kuwa nafasi wazi humfanya mtu aulize.

Hata hivyo upande wa fundi nao haukutoka na ushindi mzima. Sifuri ya sakafu isiyofungwa kwenye kitu chochote nje ya jengo ni siri ya mjenzi mmoja. Akiondoka, jengo linabaki bila kimo, na atakayechimba mtaro mwaka ujao anaanza kubahatisha. Msanifu alikuwa sahihi kwamba majirani wanahitaji lugha moja. Alichokosea ni kudhani lugha hiyo lazima ianzie baharini, wakati ingeweza kuanzia kwenye mwamba unaoonekana na wote, mradi uandikwe na utunzwe.

Kwa hiyo hoja irekebishwe isomeke hivi: kila mchoro wa nyumba itakayojengwa Epulu uhesabu vimo vyake kuanzia alama ya kudumu iliyoko kiwanjani, uonyeshe kwa mchoro sakafu iko juu au chini ya alama hiyo kwa kiasi gani, uwe na mstari wa maji ya juu kabisa yanayokumbukwa, na usitaje bahari mpaka pawe na aliyeipima na kutaja njia aliyoitumia. Kazi hiyo inadai mfuko wa saruji, kipande cha chuma na siku ya kuvuta mpira wa maji kabla ya kuwasha kompyuta. Anayeona ni gharama kubwa, aje na mchoro wake, atuonyeshe sifuri yake imesimama juu ya nini.